Mayai ya Baba na Maji ya Kisima

Vifaranga wa baba walianza kulia ndani ya maganda tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi, na kabla ya adhuhuri karibu wote walikuwa wamenyamaza. Walikuwa wameshatoboa. Kila yai lilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu ncha ya mdomo, na midomo ile ilibaki palepale, haikusonga mbele wala haikurudi nyuma. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka mbele ya kioo cha mashine ya kutotolesha, amevaa nguo zake nyeupe za eda, nami nimeketi ubavuni mwake. Kati yetu hakuna aliyelia. Shangazi alipouliza kutoka jikoni kama wameshatoka nilimjibu kwamba bado, na jibu hilo lilikuwa sahihi.

Niyapange mambo haya kama yalivyofuatana.

Baba alifariki mwanzoni mwa kaskazi, nyumbani kwake Kiongoroni, kule delta inakoishia baharini. Mimi naishi Kibiti, na habari nilipewa kwa simu. Kutoka Kibiti unapanda gari hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati ni boti, na boti inasubiri maji yajae. Nilifika ameshazikwa. Niliwakuta wageni wamejaa barazani na uani, na mama ameshaingizwa chumba cha ndani kukaa kizuka, miezi minne na siku kumi, kama anavyokaa kila mwanamke aliyefiwa na mumewe. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyebaki naye kumhudumia, kwa kuwa kizuka hatoki ovyo wala haonani na wanaume wasio maharimu wake.

Baba alikuwa mfugaji wa kuchi. Kuchi ni kuku warefu, wana shingo ndefu na macho makali, na upanga wao ni mdogo, umelala kichwani kama kidonda kilichopona. Hawatagi sana. Watu hawawafugi kwa sababu ya mayai, wanawafuga kwa sababu ni kuchi. Walikuja wageni kwa boti kutoka vijiji vingine, na wengine kutoka mbali kama Dimani, kumwomba baba mbegu. Na kwetu mbegu ya kuchi inahesabiwa kwa jogoo. Ukiwa na jogoo, mtetea yeyote wa uani anakutosha kuanzia. Usipokuwa naye una kuku tu, kama watu wengine.

Msiba ule ulikuwa mkubwa. Boti zilizidi kuleta watu na kitoweo kikaisha, na ami yangu, mdogo wake baba, akaamuru kuku wote wa baba wachinjwe. Hakuna aliyepinga. Ndivyo inavyofanywa, na kizuka haulizwi mambo ya jikoni. Mama alikuja kujua matanga yakikaribia kuanuliwa, alipomwambia shangazi kwamba tangu asubuhi hajasikia jogoo. Shangazi alimjibu kwamba jogoo wamemla jana, kwa wali, na kwamba yeye mama mwenyewe alipelekewa paja.

Mama akauliza mayai yako wapi.

Shangazi alikwenda nyuma ya jiko, kwenye matenga waliyokuwa wakitagia, akarudi na mayai ndani ya kanga. Hayakujaa trei moja. Mama aliyapanga juu ya kitanda, akawa anayataja. Hili la yule mweusi mwenye kucha nyeupe. Hili la kipara. Haya marefu ya yule aliyemdonoa mwalimu wa madrasa. Aliyajua kwa umbo, kama watu wanavyojua viatu vya watoto wao mlangoni.

Kuku wa kuyalalia hakuwepo. Kideri kilikuwa kimepita kijijini kabla ya kaskazi, na waliosalimika kwa jirani walikuwa wachache, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiatamia. Wa baba walikuwa wamepona kideri kwa sababu alikuwa akiwachanja.

Matanga yalipoanuliwa ami na kaka zangu walikaa kikao barazani. Walikubaliana kwamba eda ikiisha mama ahamie kwangu Kibiti. Sababu walizozitoa zilikuwa za kweli: nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, vijana wameondoka, na mtu akiugua usiku hapati daktari mpaka apatikane mwenye boti. Kwa kuwa shemeji si maharimu, ami alimweleza mama akiwa amesimama nje ya pazia. Sisi wa ndani tuliona miguu yake tu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuku wa mume wangu wakitoka, nina kazi hapa," alisema. "Nitakaa. Wasipotoka, mnichukue."

"Shemeji, sasa mayai ndiyo yatuamulie?"

"Mlipochinja hamkuniuliza. Basi na leo msiniulize mimi, yaulizeni mayai."

Miguu iligeuka, ikaondoka.

Kwa boti iliyofuata nilikwenda Kibiti kuchukua mashine yangu. Nyumbani natotolesha vifaranga, wa kufuga na wa kuuza, na mashine yenyewe ni sanduku la plaibodi alilonitengenezea fundi wa mtaani. Ina kioo mbele, balbu za kutia joto, feni ndogo ya kuzungusha hewa, na chini mifereji miwili ya bati ya kutilia maji. Inatumia betri. Nyumba ya baba ilikuwa na sola ya taa na simu, nami nikaongeza betri ya pili. Tuliivusha mashine ikiwa imefungwa mikeka, na abiria mmoja alikaa juu yake mpaka alipoambiwa si kiti.

Tuliiweka chumbani kwa mama, kwa kuwa ndicho chumba kisichopigwa na jua. Shangazi aliitazama siku nzima. Jioni akasema, "Kaka yangu hata arobaini bado, keshakuletea mke mwenza. Tena huyu hali, anakunywa maji tu." Mama alicheka kidogo. Lilikuwa jambo jipya chumbani mle, na kila mwanamke aliyekuja kumpa pole aliletwa kuonyeshwa mke mwenza.

Kwa msomaji asiyetotolesha, nieleze habari ya maji. Joto peke yake halitoshi. Yai linatakiwa lipoteze maji yake polepole katika wiki tatu za kutotoleshwa, ili kifaranga apate nafasi ya hewa upande ulio butu. Unyevu ukizidi ndani ya mashine, yai halipotezi kitu na kifaranga anazama katika maji yake mwenyewe. Unyevu ukipungua, yai linakauka, na siku ya kutoka ule utando wa ndani unamgandia kifaranga mwilini kama gundi. Hawezi kugeuka, na asipogeuka hawezi kulikata ganda. Ndiyo maana siku za mwisho mtu huongeza maji, hufunga mashine, na hafungui tena.

Unyevu nilikuwa naupima kwa vipimajoto viwili vilivyoning'inia pamoja. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevishwa utambi wa pamba, na mwisho wa utambi umezama katika kichupa cha maji. Maji yanapokauka kwenye utambi, kipimo kile kinapoa. Hewa ikiwa kavu kinapoa sana na kuachana mbali na mwenzake. Hewa ikiwa na unyevu vinakaribiana. Kibiti njia hiyo haikuwahi kunisumbua.

Kiongoroni maji ni ya aina mbili. Ya mvua yanakingwa kwenye tangi, ndiyo ya kunywa. Ya kisima yana chumvi, kwa kuwa maji ya bahari yanapanda kwenye vijito vya mikoko na kuingia ardhini. Watu wanayaogea na kuyafulia, na wali wa maji ya kisima hautiwi chumvi. Wageni wa msiba walikuwa wamelikausha tangi karibu lote, na mama alikuwa ameagiza kwamba yaliyobaki yasiguswe ila kwa kunywa. Kwa hiyo mifereji ya mashine tuliijaza maji ya kisima, na kichupa cha utambi vilevile. Halikuwa jambo la kujadili. Hakuna mtu kijijini pale ambaye angelinywesha yai maji ya mvua wakati watu wana kiu.

Mama ndiye aliyeyageuza mayai. Niliyawekea alama ya kalamu ya mkaa upande mmoja, naye asubuhi, mchana na jioni alisema bismillahi, akafungua, akageuza moja moja, akafunga. Kisha alirudi mkekani kwenye tasbihi yake. Hatukuzungumza sana. Nilikuwa nalala chumba kile kile na sikumbuki tulikuwa tukisemezana nini zaidi ya chakula na joto la mashine. Nilipika, nilifua, nilisoma vipimo. Baba alikuwa amekufa na mimi nilikuwa nasoma vipimo.

Vipimo vilianza kukaribiana. Nilimwambia mama kwamba unyevu umezidi, naye akasema hilo halishangazi. Halikushangaza kweli. Kaskazi katika delta ni joto lenye maji ndani yake: kanga haikauki kwenye kamba kivulini, na sukari inageuka tonge ndani ya kopo. Nikakausha mfereji mmoja. Vipimo vikazidi kukaribiana. Nikafungua matundu ya pembeni, kisha nikapunguza maji ya mfereji wa pili mpaka yakafunika bati tu.

Mayai tuliyamulika kwa tochi ya simu, tumefunga dirisha. Maganda ya kuchi wa baba yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Tuliona mishipa, na baadaye tukaona kivuli kinachoruka. Mpaka wa nafasi ya hewa haukuonekana vizuri. Mama hakuutazama mpaka wa hewa, alitazama kivuli. Kila kilipocheza alimwita shangazi, na shangazi alikuja mikono ikiwa na unga wa muhogo, akasema huyu naye ana miguu ya ami yake, anataka kukimbia kikao.

Siku za mwisho nilijaza mifereji yote miwili, maji ya kisima, nikafunga matundu. Vipimo vilikuwa karibu sawa. Kwa vipimo vile, mle ndani kulikuwa na unyevu kuliko siku yoyote niliyowahi kutotolesha.

Walitoboa alfajiri. Wakati wa chai walikuwa wakilia, na sauti yao ilisikika mpaka ukumbini. Mama aliiacha chai. Alisogea mkekani mpaka paji la uso likagusa kioo.

Baada ya muda alisema, "Wasaidie."

Nilimwambia kwamba tukifungua unyevu utatoka na watakauka, kwamba wengine huchukua siku nzima kati ya kutoboa na kutoka, na kwamba wanapumzika. Ndivyo nilivyojua na ndivyo ilivyo. Sauti zilipungua. Mwanzoni hazikupungua kwa namna ya kuonekana; ilikuwa kama watu wanaotoka msikitini mmoja mmoja, huoni nani ametoka mpaka unapoona pamebaki wachache.

"Mbona kimya?" shangazi aliuliza kutoka jikoni. "Wamelala?"

Mama hakugeuka. "Fungua," aliniambia.

Nilifungua. Nilichukua yai la karibu nikabandua ganda kuzunguka tundu. Utando uliotakiwa kuwa laini na mbichi ulikuwa mkavu, mweupe, umekaza kama ngozi ya kitunguu, na manyoya yameshikana nao. Kifaranga alikuwa amekamilika. Kucha, kope, lile jino dogo la mdomoni la kukatia ganda. Alikuwa amekufa. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Mama alimwita shangazi alete maji ya kunywa, ya vuguvugu. Shangazi alimwuliza, ya tangi? Akajibiwa, ya tangi. Mama alichovya kidole, akawa analowesha utando na kuubandua kidogo kidogo, yai baada ya yai, hata yale ambayo mimi nilikuwa nimeshayaweka kando. Hakufanya haraka. Adhuhuri iliadhiniwa akiwa bado analowesha. Katika yale marefu, moja lilitoa sauti. Alimtoa kifaranga mzima mzima, amelowa, vidole vya mguu mmoja vimejikunja. Alichana ukingo wa kanga, akavinyoosha vidole na kuvifunga. Kisha akamweka kifuani, ndani ya nguo nyeupe, akaswali akiwa naye.

Waliokufa shangazi aliwabeba kwa ungo, akawafukia nyuma ya jiko. Aliporudi alinawa mikono akasema kwamba chakula kinapoa.

Nilisafisha mashine alasiri ile kwa sababu ilitakiwa isafishwe. Nilipokishika kipimajoto cha utambi niliona utambi umekakamaa kama mzizi, na weupe umeugandia kuanzia juu hadi kwenye kichupa. Nikagusa kwa ulimi. Ilikuwa chumvi. Maji yalikuwa hayapandi tena, na kwa kuwa hayakupanda hayakukauka, na kwa kuwa hayakukauka kipimo hakikupoa. Kilikuwa kimekaa karibu na mwenzake kwa sababu kilikuwa kikavu kama mwenzake. Na mimi kila kilipokaribia nilipunguza maji.

Nilikata utambi mpya, nikaulowesha kwa maji ya tangi, nikaurudisha mahali pake na kuwasha mashine, mifereji ikiwa imejaa kama asubuhi. Nilimwita mama aone. Kipimo kiliteremka mbele yetu, kikateremka tena, kikaachana mbali na mwenzake. Nikamweleza.

"Ni maji ya kisima?"

"Ni ya kisima, mama."

Aliufikicha ule utambi wa zamani mpaka chumvi ikamwagika kiganjani. "Baba yako kayaogea maisha yake yote, hakulalamika."

"Alilalamika sana," shangazi alisema mlangoni. "Ila kwangu mimi."

Ami alipata habari akaja kesho yake. Alisimama nje ya pazia, akatoa pole, mama akaitikia. Akasema basi eda ikiisha ataleta boti.

"Ametoka mmoja," mama alisema.

"Kuku mmoja si kuku, shemeji."

"Ni nini, basi? Bata?"

Shangazi alifunika mdomo kwa kanga. Miguu ya ami ilihama kutoka upande mmoja wa pazia kwenda wa pili. Akasema kwa upole kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba wanamtakia mema, na kwamba kwangu Kibiti hata maji ni ya bomba. Mama alimwacha amalize.

"Akiwa jogoo, nakaa," alisema. "Akiwa mtetea, lete boti yako. Sitasema neno."

Ami alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu nusu kwa nusu ni bora kuliko kukataliwa kabisa.

Kifaranga alilala chumbani, katika kapu lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Vidole vilinyooka, isipokuwa kimoja. Alikua polepole; mwanzo mbaya unachelewesha ndege kama unavyochelewesha mtoto. Nilikwenda na kurudi kati ya Kibiti na Kiongoroni, na kila nilipofika nilimkuta na shingo ndefu zaidi na upanga uleule, kidoa chekundu kisichosema lolote. Kuku wengine unawatambua mapema kwa upanga. Kuchi hawana upanga wa kukusaidia.

Eda iliisha. Wanawake walikuja kumwogesha mama, akavua nyeupe, akavaa kanga mpya, akatoka uani kwa mara ya kwanza, akafumba macho kwa mwanga. Ami alikuwa ameleta boti kama alivyoahidi. Kuku aliletwa akasimamishwa juu ya kinu, na watu wakamzunguka. Shangazi alishika miguu akasema jogoo, miguu hii si ya kutaga. Ami alitazama shingo na manyoya ya kiunoni akasema mtetea, bila shaka. Jirani mmoja alisema jogoo, kisha akambeba, akamgeuza, akasema hajui. Mama alimchukua akamshusha chini, naye akaenda zake uani, akichechemea kidogo.

Maji yalikuwa yanaanza kupwa. Ami alisubiri mpaka nahodha alipoanza kuita, kisha boti ikaondoka imepakia nazi na mimi. Kwangu Kibiti nimeshatandika kitanda katika chumba cha nyuma na kutundika chandarua.

Jana nilimpigia mama simu. Nilimwuliza hali, akasema salama. Nilimwuliza habari za kuku. Akasema anakula vizuri na amekuwa mrefu, ukisimama naye unauona urefu wake. Nikamwuliza kama amewika.

"Hajawika," mama alisema. "Wala hajataga."